Aliyekwenda Mwanza Kuuliza Jina la Sumu

Ildefonsi Byabato alipofika kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja kubwa ya Mwanza, Februari mwaka 2025, hakusema anaumwa nini, kwa sababu hakuwa anaumwa. Alisema amekuja kuuliza jina la sumu.

"Sumu gani, mzee?" aliuliza mhudumu.

"Ningeijua nisingekuja."

Byabato ana miaka hamsini na minane. Ni mkulima wa migomba na kahawa huko Kanoni, wilayani Karagwe, na kwa zaidi ya miaka thelathini ametengeneza rubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya posa, harusi na misiba ya watu wa kata yake na kata za jirani. Siku hiyo alikuwa amesafiri kutwa nzima kupitia Biharamulo na Geita. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye namba ya simu ya muuguzi aitwaye Anonciata, ambaye alikuwa amempigia mara mbili kumweleza kwamba ndugu wa damu wa watu waliokufa kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, wanaitwa kupimwa. Byabato alikubali upesi kuliko muuguzi alivyotarajia. Alipokata simu alimwambia mkewe, Kokugonza, kwamba hospitali ile ina faili la marehemu kaka yake, na kama madaktari ni watu wa kweli, sumu imeandikwa humo.

Kaka yake, Cassian, alikufa Agosti 2022. Alianza kukwamwa na nyama, baadaye ndizi, baadaye uji, na mwisho maji. Ilichukua miezi tisa. Alipofikishwa Mwanza njia ya chakula ilikuwa imebaki tundu dogo, na madaktari walisema saratani imekwisha kusambaa. Familia ililisikia neno saratani na kuliweka pembeni. Hilo lilikuwa jina la kilichompata. Wao walitaka kujua nani alimtendea.

Siku waliyoikumbuka ilikuwa ya Novemba 2021, ubatizo nyumbani kwa Cassian. Rubisi ilitoka kwa Byabato. Ndizi ziliivishwa shimoni siku sita, zikamenywa, zikatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na mtu akazikanyaga kwa miguu mpaka juisi ikatoka. Kisha juisi ikatiwa mtama uliokaangwa na kuachwa ichachuke. Mtu aliyekanyaga aliitwa Nsanzimana. Alizaliwa Rugu, humo humo Karagwe, wazazi wake walitoka Burundi, na alikuwa amefanya kazi hiyo na Byabato kwa miaka kumi na minne. Wiki tatu kabla ya ubatizo alikuwa amegombana na Cassian juu ya mbuzi aliyekula maharage. Siku ya sherehe ni yeye aliyembebea Cassian kibuyu mpaka kwenye kiti. Cassian alivuta funda la kwanza, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kwa familia hiyo ilitosha. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na kibuyu, palikuwa na kikohozi. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Huku Karagwe mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya wageni wote, ili waone kwamba anachowapa hata yeye anakinywa. Kabla hajaonja, hakuna anayegusa. Byabato alikuwa ameonja siku hiyo, tena funda zima, na hakupatwa na kitu. Maelezo yakapatikana: sumu ilitiwa baadaye, kati ya mtungi na kiti cha Cassian. Ilikuwa hatua kama ishirini.

Hakuna aliyekwenda polisi wala kwa mtendaji wa kata. Hakuna aliyemwambia Nsanzimana usoni. Kwenye msiba wa Cassian kibuyu kilipita kwenye benchi kutoka mkono hadi mkono, kilipomfikia kikamruka. Alingoja mzunguko wa pili. Kilimruka tena. Akainuka, akaaga, na msimu uliofuata alikuwa kibarua Bweranyange. Katika ukoo ilisemwa kwamba neno sumu lilianzia kwa Costansia, dada mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye sauti kubwa. Hakuna aliyefuatilia zaidi.

Hayo ndiyo Byabato aliyokwenda kuyatafuta kwenye faili.

Daktari aliyempokea aliitwa Mahoro, mwanamke wa makamo anayezungumza taratibu. Alilifungua faili mbele yake.

"Hakuna sumu, mzee wangu. Hii ni saratani. Angalia, vipimo viwili tofauti."

"Faili linaandikwa na mtu, daktari. Mtu anaweza kuandika anachotaka."

"Ni kweli. Hiyo rubisi unayoisema, wewe uliinywa?"

"Nilitangulia mimi."

"Basi acha tukuangalie na wewe. Kama kuna kilichopita hapo, tutakiona."

Byabato alikubali kama shahidi anayekubali kuapa. Walimpulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza kwa ubavu, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera. Ndani walinyunyiza maji ya rangi ya kahawia. Aliyasikia yakimuunguza kifuani, na hapo, alisema baadaye, ndipo alipoanza kuwaweka madaktari kwenye orodha ya washukiwa.

Picha ilionyesha njia ya chakula ikiwa imeshika rangi ya kahawia pande zote isipokuwa sehemu moja, sentimeta ishirini na tisa kutoka kwenye meno, ambapo palikuwa na baka jeupe lisilofika sentimeta mbili. Walinyofoa vipande vidogo vya kupima. Siku ya sita Daktari Mahoro alimwita na kumwambia kwamba ni saratani, ila ni changa. Ilikuwa bado kwenye utando wa juu kabisa. Hapakuwa na haja ya kupasua kifua. Wangepita njia ile ile ya mdomo, wangechoma sindano ya maji chini ya baka ili linyanyuke, kisha wangelikata na kulibandua kwa kisu kidogo cha umeme kilicho kwenye ncha ya mpira.

"Mimi silalamiki chochote," alisema Byabato. "Nakula. Jana nimekula samaki mzima."

"Ndiyo maana nasema ni changa. Kaka yako alikuja alipoanza kulalamika."

"Mliniita ninyi. Sikuwaita. Mkaninyunyizia rangi ninyi wenyewe. Sasa mnaniambia rangi haikushika."

Muuguzi Anonciata alijaribu kwa Kinyambo. Alikuwa mtu wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, na Kinyambo chake hakikuwa na doa. Byabato alilitilia shaka hilo pia. Kwa nini wamemtafutia mtu wa lugha yake?

"Hiyo rangi ni ayodini tu, tata," alimwambia, akimwita baba kwa lugha hiyo. "Hata Omurushaka inauzwa duka la dawa, ya kupaka vidonda. Mahali pazima panaishika. Mahali palipobadilika haipashiki."

Akaondoka bila matibabu.

Kokugonza alimsikiliza mpaka mwisho, huku akimenya ndizi.

"Ulikwenda kutafuta mchawi, umerudi na kansa," alisema. "Na jina la sumu?"

"Wamelificha."

"Na hiyo kansa, wamekupa au umejichukulia?"

Byabato alitoka nje. Wiki iliyofuata alishuka Omurushaka kuuza maharage na akarudi na chupa ndogo ya ayodini. Alichukua ndizi tatu za pombe: mbichi iliyotoka mgombani, ya siku ya tatu shimoni, na ya siku ya sita, iliyoiva tayari kwa kukamuliwa. Akazikata vipande, akavipanga juu ya ubao, akavipaka dawa vyote kwa kipimo kimoja. Kipande cha mbichi kiligeuka cheusi. Cha siku ya tatu kilitoka mabaka, hapa cheusi, hapa cheupe. Cha siku ya sita dawa iliteleza juu yake bila kukibadilisha.

"Sasa unazitibu vidonda ndizi?" aliuliza Kokugonza.

Alirudia mara tatu, kwa mikungu tofauti. Mara ya tatu alimpa mkewe apake, yeye mwenyewe akageukia ukuta asione kipi kimewekwa wapi. Majibu yalikuwa yale yale. Jaribio hilo halithibitishi chochote kuhusu koo la mtu. Kinachoshika rangi kwenye ndizi si kile kinachoishika mwilini. Lakini lilimwondolea Byabato shaka moja kati ya nyingi. Dawa ile haikuwa rangi ya kumpaka mtu uongo. Ilitofautisha kitu na kitu, na haikujali nani ameishika brashi.

Aprili alirudi Mwanza.

Kazi ilichukua saa moja na nusu, naye akiwa usingizini. Alipoamka kifua kilikuwa kinauma kama mtu aliyemeza kipande cha muhogo bila kutafuna. Alijipapasa shingo, akajipapasa kifua, akaomba kioo. Hapakuwa na uzi wala bandeji. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Sengerema aliyefungwa tumbo zima, alimcheka.

"Wewe umekuja kulala tu, rafiki yangu."

"Na mimi naona hivyo."

Kesho yake alimtaka daktari amwonyeshe nyama iliyokatwa. Si picha, nyama yenyewe. Daktari Mahoro alimpeleka mpaka maabara, akamwonyesha chombo cha kioo. Ndani, katika maji ya dawa, palikuwa na kipande cha utando kilichotandazwa juu ya kibao laini na kubanwa pembeni kwa pini. Kilikuwa na upana wa jani la kahawa changa. Byabato alizihesabu pini: tisa.

"Nitajuaje ni yangu?"

"Jina lako liko hapo."

"Jina langu naweza kuliandika kwenye nyama ya mbuzi."

Daktari alicheka kidogo, lakini hakukasirika. Alimpa masharti. Siku tatu vitu vya maji tu, visivyo vya moto. Wiki mbili chakula laini. Chai na uji vipoe kabla ya kunywewa, na hilo lingekuwa la kudumu. Pombe yoyote asiiguse mpaka arudi kupimwa Julai, kwa sababu mahali palipobanduliwa ni kidonda kibichi, na kikisumbuliwa kinaweza kutoa damu au kupona vibaya mpaka njia ikaziba.

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Mimi kuonja ndiyo kazi yangu."

"Tafuta wa kuonja badala yako."

"Daktari, hiyo haionjwi kwa niaba."

Kanoni hakumwambia mtu isipokuwa mkewe. Alisema alikwenda Mwanza kwa habari za kahawa. Simu ya Anonciata ilimkuta shambani wiki ya kwanza ya Mei. Kipande kilikuwa kimepimwa chote. Kilikuwa na saratani, haikuwa imezama, na kingo zake zote zilikuwa safi, maana yake wameitoa nzima.

"Ni ya aina gani?" aliuliza Byabato.

"Aina ile ile ya marehemu kaka yako, tata. Ila yako tumeikuta juu juu."

"Na kwake ilianzaje?"

"Kama yako. Kimya kimya, miaka kadhaa, kabla hajakwamwa na chakula."

Miaka kadhaa. Ubatizo ulikuwa miezi tisa tu kabla ya kifo. Byabato alibaki amesimama kati ya mibuni na simu mkononi. Kama ugonjwa ulikuwa ndani ya Cassian kabla ya mbuzi na kabla ya maharage, basi kile kikohozi kilikuwa cha mtu ambaye koo lake lilikuwa limekwisha anza kufungwa. Hakuna aliyetia kitu kibuyuni. Aliyaelewa hayo yote, alisema baadaye, na bado alitafuta mahali pa kuyapinga. Ilikuwa rahisi zaidi hospitali iwe ya uongo.

Mwezi huo huo Restuta, binti wa Cassian, mwalimu wa shule ya msingi huko Kyerwa, alikuwa anachumbiwa. Wakwe wangekuja Kanoni Jumamosi ya mwisho wa Mei. Byabato, akiwa baba mdogo, ndiye mwenye nyumba, na rubisi ilikuwa yake. Kukanyaga hakuweza, kifua kilikuwa bado. Alipanda bodaboda mpaka Bweranyange.

Nsanzimana alikuwa akipalilia kahawa ya watu. Ni mdogo kwa Byabato kwa miaka kumi na miwili, na shikamoo yake ilichelewa.

"Marahaba," alisema Byabato. "Kuna kazi."

"Kanoni watu hawana miguu?"

"Wanayo. Hawajui kukanyaga."

"Kazi ni kukanyaga tu, au na ile nyingine?"

Byabato alisema ni pombe ya sherehe.

"Sherehe ya nani?"

"Restuta."

Nsanzimana aliweka jembe chini. "Unaniita mimi nikanyage pombe ya mtoto wa Cassian."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alisema, "Ndizi ziko shimoni siku ya pili."

Nsanzimana alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulikofichwa. "Nitakuja," alisema. "Lakini siku hiyo nitakaa mbele, wageni wanione. Na wewe utaonja nikiwa pale pale. Funda zima, si kulamba. Usipoonja, Ildefonsi, mimi nimekwisha. Karagwe na Kyerwa, zote mbili."

"Nitaonja."

Ilikuwa ahadi ambayo hakuruhusiwa kuitimiza. Nyumbani alimweleza Kokugonza, wakajaribu njia zote. Kulowanisha midomo tu? Wakwe wangeona koo halikusogea. Kushika funda mdomoni na kulitema nyuma ya nyumba? Lingeonekana baya kuliko kukataa. Alimpigia Anonciata kuuliza kama kijiko kimoja kinaweza kudhuru.

"Tata, swali hili umeniuliza mara nne."

"Huenda jibu limebadilika."

"Halijabadilika. Kwa nini huwaambii?"

Kwa nini hakuwaambia, hilo Kokugonza alilijua bila kuambiwa. Akisema ana ugonjwa wa Cassian, atakuwa amesema Cassian aliugua. Akisema Cassian aliugua, watu watauliza nani basi aliyemfukuza Nsanzimana, na kwa neno la nani.

Jumamosi wageni walikuwa kama arobaini chini ya turubai. Mshenga wa upande wa Kyerwa alikuwa Eliud, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mchangamfu na mwenye kiu. Mtungi uliwekwa katikati. Nsanzimana alikaa benchi la mbele kama alivyosema, mikono juu ya magoti, na watu wa Kanoni waliokaa karibu naye walisogea taratibu mpaka pakawa na nafasi ya watu wawili kila upande.

Byabato alichota, akainua kibuyu mpaka usawa wa kidevu. Kikakaa hapo.

"Tunakungoja, mwenye nyumba," alisema Eliud. "Tumetoka mbali, na jua hili halijali mshenga wala mkwe."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Byabato alikuwa bado hajanywa. Macho yalitoka kwenye kibuyu yakaenda kwa Nsanzimana, moja baada ya jingine. Nsanzimana hakumwangalia mtu isipokuwa Byabato.

"Si niliwaambia?" ilikuwa sauti ya Costansia kutoka upande wa wanawake. "Hata yeye anaogopa. Amemleta mwenyewe na anaogopa!"

Byabato alishusha kibuyu.

"Siogopi," alisema. "Nimekatwa. Mwezi uliopita, Mwanza. Nilikuwa na kansa ya njia ya chakula, ile ile ya Cassian, wakaitoa. Nimekatazwa pombe mpaka Julai. Pombe hii ni safi. Na ile ya ubatizo ilikuwa safi. Cassian aliugua. Hakulishwa kitu."

Macho yalihamia shingoni mwake. Kisha mzee mmoja wa ukoo aliuliza alichokuwa anakiwaza kila mtu.

"Umekatwa wapi? Mbona shingo ni nzima?"

"Walipitia mdomoni."

"Kisu? Mdomoni? Na ukarudi unatembea?"

"Hata mimi sikuamini. Hata leo siamini sana."

"Uongo," alisema Costansia, amesimama sasa. "Huyo mkanyagaji amempa kitu aseme hivyo. Miaka mitatu mnaniita mimi mropokaji, mimi mwanzilishi wa maneno. Kaka, neno sumu nililisikia kwa nani? Sema! Siku ya kumtoa Cassian hospitali, kwenye gari, nani aliniambia 'huyu Mrundi amemmaliza'? Nilikuwa naota?"

Kila mtu alimgeukia Byabato. Kokugonza alitazama chini.

"Ni kweli," alisema Byabato. "Nilianza mimi."

Alisema hivyo tu, wala hakuongeza maelezo. Walioketi karibu wanasema kibuyu kiliinama mkononi mwake na rubisi ikamwagika kwenye kiatu. Nsanzimana hakusogea, lakini mikono yake ilitoka magotini ikaenda kushika ukingo wa benchi. Siku zote alikuwa amemdhania Costansia.

Restuta ndiye aliyeinuka. Haikuwa desturi, siku ya kuchumbiwa binti hukaa ndani mpaka aitwe, naye alitoka bila kuitwa.

"Baba mdogo, wamekupa karatasi?"

Ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa ameibeba kila mahali tangu Mwanza, imekunjwa mara nne, na hakuwahi kuielewa kwa sababu iliandikwa kwa Kiingereza. Restuta aliisoma kimya mara moja, kisha kwa sauti, akiigeuza Kiswahili mstari kwa mstari kama anavyofanya darasani: jina, umri, sentimeta ishirini na tisa, saratani ya hatua ya mwanzo, imeondolewa yote kwa njia ya mdomo, kingo safi, asinywe pombe. Mstari wa historia ya familia ulisema: kaka, amefariki, ugonjwa huo huo.

"Imeandikwa hapa," alisema. "Huyo kaka ni baba yangu."

Alichukua kibuyu mkononi mwa Byabato na kunywa. Alikunywa funda zima, kila mtu akaona koo likishuka. Kisha akamfuata Nsanzimana na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Nsanzimana alikishika, akakitazama. "Nikinywa mtasema nina kinga," alisema, si kwa Restuta.

"Nisipopewa mimi sasa hivi nitasema mna roho mbaya," alisema Eliud. "Kunywa, bwana, au nipe!"

Akanywa. Kikaenda kwa Eliud, kikaendelea. Si wote waliokunywa. Waliohudhuria wanakadiria kwamba watu tisa au kumi wa Kanoni walikipitisha bila kukigusa, na Costansia aliondoka kabla ya wakwe kula. Miongoni mwa waliobaki wapo waliosema wiki nzima iliyofuata kwamba mtu hawezi kukatwa kansa mdomoni na kurudi kulima, na kwamba karatasi ya Kiingereza inaweza kusema lolote.

Julai Byabato alirudi Mwanza. Aliomba asipewe dawa ya usingizi ili aangalie kioo cha mashine mwenyewe. Walimnyunyizia ayodini tena, na ikashika kila mahali isipokuwa alama moja laini, nyembamba, ya kidonda kilichofunga. Alimwuliza Daktari Mahoro maswali kumi na moja, muuguzi aliyahesabu. Vipande walivyochukua havikuwa na ugonjwa. Atarudi Januari, na baada ya hapo kila mwaka, kwa sababu koo lililowahi kuota kitu hiki linaweza kukiota tena pengine. Costansia amepewa na Kokugonza namba ya Anonciata ili naye akapimwe. Hajapiga.

Nsanzimana amerudi kukanyaga ndizi, siku za Jumamosi tu. Nyumba yake imebaki Bweranyange. Byabato alikwenda huko mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili alimkuta, na wote wawili hawapendi kueleza kilichosemwa. Kazini wanazungumza vizuri, habari za mvua, bei ya mtama, mikungu ipi imeiva kabla ya wakati. Juisi ya kwanza inapotoka, Byabato humchotea kwa kibuyu cha nyumbani. Nsanzimana humshukuru na kufungua mfuko wake, ambamo huwa na kikombe cha bati alichokuja nacho.

"Hiki nakijua," husema, na kujichotea mwenyewe.